Matanga Yasiyoanuliwa

Haya niliyasema Jumamosi jioni katika baraza letu la kila mwezi hapa Tanga. Wengi mlizuiwa na mvua, mkaniomba maneno yote. Nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Masheikh wangu, wachungaji wangu, mama zangu mliokaa kule nyuma karibu na chai, asanteni kwa kuja.

Nimetanguliza salamu makusudi, maana kisa changu kinaanzia kwenye salamu iliyokosa jibu.

Mwaka 1987 nilikuwa mwanafunzi London. Nilipanga chumba mtaa wa Golders Green, kwa bibi mmoja wa Kiyahudi, mjane, aliyezaliwa Poland akaletwa Uingereza angali mtoto. Kila asubuhi nikishuka ngazi namwamkia, naye anaitikia, ananiuliza nimelalaje, chumba kina baridi au hakina, mama yangu ameandika barua au bado. Kwa salamu, bibi yule ungedhani katokea Pangani. Basi asubuhi moja ya Agosti nashuka, namkuta sebuleni, mapazia hayajafunguliwa, kakaa kwenye kigoda cha kuwekea miguu, magoti yanakaribia kidevu. Kavaa raba za kitambaa. Ana kitabu mkononi. Nikamwamkia. Kimya. Nikamwamkia tena. Akainua macho, akatikisa kichwa, akanong'ona neno moja ambalo sikulisikia, akarudi kwenye kitabu.

Niambieni, nani kati yenu ameamkia mtu mzima asubuhi akanyamaziwa? Kwetu hiyo ni kesi! Ni ya kuitisha wazee! Siku nzima chuoni nikawa najiuliza nimekosa nini. Kodi nimelipa. Bafu nimesafisha.

Usiku, nyota zimeshatoka, nikamkuta jikoni anakunywa chai. Akanikaribisha, akaniomba radhi. Akasema leo hatukuwa tukiamkiana, aliyefiwa haamkiwi. Moyo ukanipasuka. Nikamuuliza nani amefariki. Akasema, "Nyumba." Nyumba ipi? "Nyumba ya Yerusalemu." Lini? "Mwaka wa sabini."

Nikapiga hesabu haraka. Sabini mpaka themanini na saba, miaka kumi na saba. Nikampa pole, nikamwambia miaka kumi na saba si mingi kwa uchungu wa namna hiyo. Bibi akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Si elfu moja mia tisa sabini, mwanangu. Sabini. Sabini tupu."

Ndugu zangu, kwetu mtu akifa tunakaa matanga siku tatu, au saba. Tunafika arobaini. Kisha tunaanua matanga, mkeka unakunjwa, sufuria za watu zinarudishwa, mjane anakaa eda yake, anaitimiza, anatoka. Bibi yule alikuwa kwenye matanga ya miaka 1,917. Na nyumba anayoililia, yaani hekalu la Yerusalemu, hakuwahi kuiona, wala mama yake, wala bibi yake.

Kwa nini? Hilo ndilo swali mlilonialika kulijibu. Kwa nini bado?

Siku yenyewe inaitwa Tisha B'Av. Msiogope jina. Tisha ni tisa. Ni tisa hii hii tunayohesabia sisi, maana sisi tuliipata kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Tarehe tisa ya mwezi wa Av, ambao huangukia Julai au Agosti. Nayo huanza magharibi, kama siku zinavyoanza kwa wazee wetu wa pwani, ambao wakikwambia usiku wa Jumanne wana maana ya ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Hakuna kula wala kunywa toka jua linapozama mpaka nyota za kesho yake, kama saa 25. Masheikh wangu, hapo katikati hakuna futari wala daku. Hakuna kuoga, hakuna manukato, hakuna viatu vya ngozi, hakuna tendo la ndoa. Hata Torati, ambayo kwao kuisoma ni furaha, siku hiyo haisomwi ovyo. Unaruhusiwa kusoma yale yanayouma tu: Ayubu, kurasa chungu za Yeremia, Maombolezo.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemwona bibi akila yai la kuchemsha. Alilivunja, akalichovya kwenye kisahani chenye unga wa kijivu. Nikadhani pilipili manga. Kumbe yalikuwa majivu.

Sasa, mnadhani sisi ndio wa kwanza kuuliza kwa nini bado? Wachungaji wangu, fungueni Zekaria sura ya saba. Mwaka wa nne wa mfalme Dario, yaani mwaka 518 kabla ya Kristo. Hekalu la Sulemani lilikuwa limechomwa na Wababeli wa Nebukadneza mwaka 586, watu wakapelekwa utumwani, sasa baadhi wamerudi, na hekalu la pili linajengwa. Mafundi wapo kazini, mawe yanapanda. Watu wanatumwa kutoka Betheli kwenda kwa makuhani na manabii na swali moja: je, tuendelee kulia katika mwezi wa tano, kama tulivyofanya miaka hii yote? Mwezi wa tano ndio Av.

Swali zuri! Nyumba inajengwa upya, kilio cha nini tena?

Nabii akawajibu nini? Hakuwaambia endeleeni. Hakuwaambia acheni. Naye aliwatupia swali: miaka hii sabini mliyofunga, mlimfungia Mungu kweli? Kisha akawageuzia maneno pahali wasipopatarajia kabisa. Hukumuni kwa haki. Msimwonee mjane, wala yatima, wala mgeni, wala maskini. Sura inayofuata akawaahidi kwamba ipo siku funga hiyo itageuka kuwa sikukuu. Lakini kwanza aliwaelekeza kwa mjane na yatima.

Hapo shikeni vizuri, maana nitaparudia. Waliuliza habari za kilio, wakajibiwa habari za jirani.

Miaka mia sita hivi ikapita. Mwaka wa 70, Warumi chini ya Tito, mwana wa Vespasiani, wakaizingira Yerusalemu, wakaingia, na hekalu la pili likaungua. Mwezi ule ule, Av. Ukienda Roma leo, lango la ushindi la Tito bado limesimama, na ndani yake imechongwa picha ya askari wamebeba kinara cha taa saba mabegani kama watu wanaohamisha kabati. Mwaka 135 uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba ukazimwa, mji wa Betar ukaanguka, na Kaisari Hadriani akaifanya Yerusalemu mji wa Kirumi, akaupa jina jingine, Aelia Capitolina, akawapiga Wayahudi marufuku kukanyaga. Baadaye waliruhusiwa mara moja kwa mwaka kuja kulia penye magofu. Jerome, padri mwanachuoni aliyeishi Bethlehemu karne ya nne na ya tano, aliwaona kwa macho yake, na anaandika kwamba mtu akitaka kulia zaidi, askari anamdai hela. Hebu fikirini. Machozi yenyewe yana ushuru!

Mishna, kitabu cha sheria za marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi, kilichokusanywa karibu mwaka 200, inataja mambo matano yaliyowapata baba zao siku ya tisa ya Av. Kizazi cha jangwani kiliambiwa hakitaingia nchi ya ahadi, hekalu la kwanza, hekalu la pili, Betar, na mji kulimwa kwa jembe. Nami kama mwalimu wa historia lazima niwaambie ukweli: tarehe hazikubaliani zote. Wafalme wa Pili inasema hekalu la kwanza lilichomwa tarehe saba. Yeremia anasema kumi. Marabi waliliona hilo kabla yetu. Wakasema adui aliingia tarehe saba, akala na kunajisi, jioni ya tisa akawasha moto, na moto ukawaka kumi nzima. Rabi Yohanani akasema wazi kwamba angekuwepo yeye, angeiweka funga tarehe kumi, maana sehemu kubwa iliungua siku hiyo. Napenda sana kwamba walilihifadhi neno lake. Walijua tarehe ni uamuzi, wakaamua kulia pale moto ulipowashwa.

Lakini nani aliuwasha?

Hapa ndipo kilio hiki kinapoachana na vilio vingi ninavyovijua. Watu wengi wakikumbuka msiba wa taifa, wanamkumbuka adui. Jina lake, ukatili wake, tarehe aliyokuja. Marabi walipouliza kwa nini hekalu la pili lilianguka, hawakujibu Roma. Walisema watu wa wakati ule walikuwa wakishika Torati na kutenda mema, kilichowaangusha ni chuki isiyo na sababu. Na ili hilo lisibaki neno tupu, Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, ikasimulia kisa. Nataka mkisikilize kisa hiki.

Palikuwa na mtu mmoja Yerusalemu, ana rafiki jina lake Kamtza, na adui jina lake Bar Kamtza. Akaandaa karamu. Akamtuma mtumishi amwite Kamtza. Mtumishi akakosea, akamleta Bar Kamtza. Mwenye karamu anaingia, anamkuta adui yake kaketi na sahani mbele. Akamwambia, inuka, toka. Bar Kamtza akasema, madhali nimeshafika, niache nikae, nitakulipa nilacho na ninywacho. Hapana. Nitakulipa nusu ya karamu. Hapana. Nitakulipa karamu yote! Hapana. Akamshika mkono, akamtoa nje.

Na marabi walikuwepo. Walikuwa wameketi pale pale, wanakula.

Bar Kamtza akasema moyoni, kama wakubwa hawa wameona wakanyamaza, basi wameridhika. Akaenda kwa Kaisari, akamwambia Wayahudi wamekuasi. Kaisari akataka ushahidi. Akamwambia wapelekee sadaka uone kama wataitoa. Kaisari akatuma ndama mzuri. Njiani Bar Kamtza akamtia jeraha dogo, wengine husema mdomoni, wengine jichoni, mahali ambapo kwa Warumi si kasoro, lakini kwa hekalu ni kasoro. Marabi wakataka kumtoa ndama hivyo hivyo kwa ajili ya amani. Rabi mmoja, Zekaria mwana wa Avkulas, akakataa, watu watasema wanyama wenye kasoro sasa wanakubaliwa. Wakataka kumuua msaliti. Akakataa tena. Basi wakakaa bila kufanya lolote, na vita vikaja.

Je, mambo yalikwenda hivyo hasa? Mwanahistoria atawatajia kodi, magavana wabovu, na uasi ulioanza mwaka 66. Josefo, mwandishi wa Kiyahudi wa historia aliyekuwepo, ameandika mengi. Lakini hata Josefo anasema kwamba ndani ya mji uliozingirwa makundi ya Wayahudi yalipigana yenyewe kwa yenyewe, yakachoma maghala ya nafaka. Talmudi nayo inasema maghala yale yalikuwa na chakula cha miaka 21. Adui yuko nje ya ukuta, na walio ndani wanachomeana unga.

Tazameni jambo moja dogo ndani ya kisa. Kamtza ametajwa. Bar Kamtza ametajwa. Rabi mwenye wasiwasi ametajwa. Mwenye karamu hana jina. Kisa chote kinaanza nyumbani kwake, na hatuambiwi yeye ni nani. Nimefundisha kisa hiki mara nyingi na kila mara namwona mtu mmoja darasani anatazama chini.

Bibi wangu wa Golders Green alinisimulia kisa hiki usiku ule wa chai, akiwa na dada yake pembeni. Alipofika kwenye karamu, dada akadakia, "Na marabi walikuwa wanakula!" kwa hasira, kama mtu anayesema habari za harusi ya juzi. Kumbe wao wawili walikuwa hawajasemeana toka Pasaka kwa ajili ya ugomvi wa sufuria. Siku hiyo dada alikuja. Akakaa chini karibu naye. Sikumbuki kama sufuria ilirudi.

Ndiyo maana nasema, alichojibu nabii Zekaria kilifika. Waliuliza habari za kilio, wakajibiwa habari za jirani. Narudia: wakajibiwa habari za jirani.

Mtaniambia, sawa mwalimu, hilo ni fundisho zuri, lakini Wayahudi wana misiba mingine mingi na ya karibu zaidi. Kwa nini walilie jengo?

Mwaka 1096 makundi ya vita vya msalaba yalipita kando ya mto Rhine, yakawachinja Wayahudi wa Speyer, Worms na Mainz. Ilikuwa miezi mingine, si Av. Mshairi wao, Kalonimo mwana wa Yuda, akaomboleza mji kwa mji, na ndani ya ombolezo lake akasema maneno ambayo mimi nayaona ya ajabu: haturuhusiwi kuongeza siku nyingine ya kilio, basi nitalia siku hii. Mnaelewa alichokataa? Alikataa kalenda ijae makaburi. Akachukua wafu wake akawaleta kwenye matanga yaliyokwisha kuwepo.

Na wengine wakafuata. Talmudi zilipochomwa Paris mwaka 1242, magari ya kukokotwa yakiwa yamesheheni vitabu, ombolezo lake likaingizwa humo humo. Amri ya kuwafukuza Wayahudi Uingereza ilitolewa tarehe 18 Julai 1290, nayo ilikuwa siku ya tisa ya Av yenyewe. Waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walikuwa wakimaliza kutoka siku zile zile. Tarehe 22 Julai 1942 Wajerumani walianza kuwatoa Wayahudi wa Warsaw kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka, na jioni ile ndipo ilipoingia Tisha B'Av. Walipelekwa zaidi ya watu 250,000 kabla ya mwisho wa Septemba. Menachem Begin alipokuwa waziri mkuu wa Israeli alitaka hata kumbukumbu ya mauaji ya Wanazi ihamishiwe siku hii. Hakufanikiwa. Ile ina siku yake, na wapo wanaosema msiba ule ni mkubwa mno kuingia kwenye chungu cha zamani. Mimi sina la kuwaamulia.

Kuna kisa kimoja kinachotugusa sisi wa Afrika Mashariki, na nimeona wengi hawakijui. Mwaka 1903 Waingereza walimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, ahadi ya ardhi kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi. Ardhi ipi? Uasin Gishu! Pale palipo Eldoret na mashamba ya ngano leo. Inaitwa mpango wa Uganda kwa sababu eneo lile lilikuwa limetolewa Uganda muda mfupi tu nyuma. Wanandi na Wamaasai hakuna aliyewauliza, hilo liandikeni pembeni.

Basi Agosti ile mkutano wa Wazayuni ukakaa Basel, Uswisi. Kura ilikuwa ya kutuma tume tu, ikaitazame nchi. Waliokubali 295, waliokataa 178. Ndipo wajumbe wa Urusi waliokataa wakatoka ukumbini. Na miongoni mwao walikuwemo watu wa Kishinev, mji ambao miezi minne tu nyuma Wayahudi wake walikuwa wameuawa barabarani. Ungedhani hao ndio wangeikimbilia Uasin Gishu kwa mikono miwili. Walikataa. Walikwenda chumba cha pembeni, watu wazima wenye suti na tai, wengi wao wala si wa dini, wakakaa chini sakafuni, wakalia. Walikaa kama unavyokaa Tisha B'Av.

Hakuna aliyewafundisha siku ile. Miili yao ilijua. Mtoto aliyemwona babu yake kila mwaka amekaa kwenye kigoda anajua mahali pa kukaa siku anapohisi Sayuni inachukuliwa mara ya pili. Mwaka 1905 mpango ukakataliwa rasmi. Unaweza kusema, bila kutia chumvi nyingi, kwamba ramani ya Kenya ina alama ya matanga haya.

Najua baadhi yenu hapa mna la kusema kuhusu Israeli ya leo, vita vyake, na Wapalestina. Mna haki, na kuna jioni nyingine ya hayo. Pale hekalu liliposimama leo pana Kuba ya Mwamba na msikiti wa Al-Aqsa, mahali patukufu kwa Waislamu wa ukumbi huu, na hakuna anayeweza kuzungumza habari za kilima kile kana kwamba ni kitupu. Hata miongoni mwa Wayahudi wenyewe ubishi upo. Wayahudi wa Mageuzi wa Marekani, katika tamko lao la Pittsburgh la mwaka 1885, walisema hawangojei tena kurudi Palestina wala ibada ya dhabihu, na wengi wao wakaiacha siku hii. Baada ya vita vya 1967, Israeli ilipoiteka Yerusalemu ya mashariki, rabi Haim David Halevi alisema hawezi kusimama mbele ya Mungu akaiita Yerusalemu mji ulio tupu na ukiwa, huku anaiona imejaa watu. Akabadilisha sala, akasema mji uliokuwa ukiwa. Wengine wakamkatalia. Wapo Israeli wasiofunga kabisa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi binafsi nadhani ndilo jibu.

Mwaka uliofuata nilimwomba bibi niende naye sinagogi. Mwaka huo tisa ya Av iliangukia Sabato, nayo Sabato hairuhusu kilio, basi funga ikasogezwa mpaka Jumapili. Tuliingia Jumamosi usiku. Taa kuu zimezimwa. Pazia zuri la kabati la Torati limeondolewa, mbao zinaonekana tupu. Mawakili na wafanyabiashara wa London wameketi chini na raba miguuni, kila mmoja na kikurunzi chake. Msomaji akaanza Maombolezo kwa sauti ya chini, jinsi mji unavyokaa peke yake, ule uliokuwa umejaa watu. Kitabu kina sura tano, nne zake zikifuata alfabeti, herufi kwa herufi. Hata machozi yamepangwa kwenye foleni! Na mstari wa mwisho wa kitabu ni mchungu sana, unasema labda umetukataa kabisa. Nikangoja amen. Haikuja. Watu wote wakairudia kwa sauti kubwa aya iliyotangulia, inayoomba siku zifanywe upya kama zamani. Baada ya hapo kila mtu akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mchana, ilipopita saa sita, bibi akainuka kwenye kigoda, akakaa kwenye kiti. Funga bado. Lakini amekaa kitini. Wana mapokeo yasemayo Masihi huzaliwa siku hiyo hiyo, alasiri.

Mnaona? Kuna saa ya kukaa chini na saa ya kuinuka. Kuna Sabato ya kukisukuma kilio pembeni.

Talmudi ina kisa cha hilo. Hekalu lilipoanguka, watu wengi waliapa hawatakula nyama wala kunywa divai. Rabi Yoshua akawaendea, akawauliza kwa nini. Wakasema, tule nyama iliyokuwa ikitolewa madhabahuni, na sasa haitolewi? Akawaambia, basi na mkate msile, sadaka za unga nazo zimekoma. Wakasema, tutakula matunda. Matunda msile, malimbuko yamekoma. Tutakula matunda mengine. Maji basi msinywe, maji nayo yalikuwa yakimiminwa madhabahuni. Wakanyamaza. Ndipo akawaambia, wanangu, kutolia kabisa haiwezekani, na kulia kupita kiasi haiwezekani. Mtu apige nyumba yake lipu, abakize kidogo. Aandae karamu, apunguze kitu kidogo. Na hicho kidogo cha ukutani wakakipimia: dhiraa moja kwa dhiraa moja, mkabala na mlango.

Dhiraa moja. Kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nyumba yote ipakwe rangi, ipendeze, watoto wazaliwe humo, na kipande hicho kibaki.

Mimi hili nilikuwa silijui nilipohamia Golders Green. Wiki yangu ya pili, nikitaka kujipendekeza kama mpangaji mwema kutoka Tanga, niliona ukutani, ukiingia tu mlangoni, pana mraba uliobanduka, tofali nje. Nikasema kumbe bibi hana wa kumsaidia. Nikaenda dukani, nikanunua lipu na mwiko, nikaziba vizuri, nikalainisha kwa kitambaa chenye maji. Baba yangu alikuwa fundi, kazi naijua.

Bibi aliporudi sokoni alisimama mlangoni na kikapu chake. Hakusema kitu. Aliweka kikapu chini, akaenda jikoni, akarudi na kisu cha siagi, akavua koti, akaanza kukwangua kuanzia pembe ya juu. Lipu ilikuwa bado mbichi. Nami nikachukua mwiko wangu, nikaanzia pembe ya chini.